Hewa ukaa ya hamira kwenye tenki la mimea: gesi yako inapotelea njiani

Wadau wa akwariamu za mimea, leo nataka tuongelee hizi chupa zetu za hewa ukaa za kutengeneza nyumbani, yaani chupa ya soda, maji, sukari na hamira basi: hamira inakula sukari inatoa hewa ukaa, na mpira unaipeleka kwenye tenki kulisha mimea. Mimi ninazo mwaka na zaidi sasa hapa Dar, tenki la lita 60, ndani kuna valisneria, rotala na anubiasi. Na karibu kila mtu ninayekutana naye kwenye maduka ya samaki wa mapambo akilalamika mimea haikui, ukimuuliza umefanyaje anakwambia nimeongeza hamira. Haikusaidia akaongeza sukari. Nami nilienda hivyo hivyo miezi miwili mizima, mama akiniambia mwanangu hiyo sukari si ungenywea chai, kumbe mchanganyiko wangu ulikuwa unatoa gesi ya kutosha kabisa ila haifiki kwenye maji.

Nilikuwa natumia mpira wa dripu wa duka la dawa, ambao kwa kweli ni kitu kizuri sana kwa kazi hii, ni mlaini, unaona ndani, halafu kile kichupa cha matone unakigeuza unahesabia viputo. Ncha yake nimeichomeka kwenye mfuniko wa chupa, nimeziba na silikoni, nikaona nimemaliza. Viputo vinakuja kimoja kimoja, dakika nzima unahesabu vinne. Siku moja fundi kaja kutufungia mtungi wa gesi ya jikoni, akapaka maji ya sabuni pale kwenye maungio kuangalia kama panavuja, nikasema ngoja na mimi nijaribu. Nikachovya sponji kwenye sabuni ya vyombo nikapaka mfuniko wote na ile dripu. Aisee. Pembeni ya ncha ya dripu kuna kitundu cha hewa chenye kifuniko kidogo, kimewekwa ili hewa iingie kwenye chupa ya dawa na maji yaweze kushuka, sasa kwetu gesi inapanda na kutokea hapo hapo, na povu lilikuwa linavimba pale kama pipi mpira. Nikakiziba kile kitundu na supa gluu, kesho yake asubuhi viputo vilikuwa havihesabiki.

Kwa hiyo kabla hujagusa mchanganyiko, paka sabuni kwanza, kuanzia mfuniko mpaka pale mpira unapoingia majini.

Na silikoni yenyewe usiitegemee. Silikoni ya vioo haishiki kwenye plastiki ya vifuniko vya soda, kwa macho inaonekana imekauka vizuri ila ukiivuta inabanduka nzima kama gamba. Dawa ni tundu dogo kuliko mpira: toboa na msumari wa moto, kata mpira kwa mshazari uwe na ncha, pitisha ile ncha halafu uvute na plaizi upande wa pili mpaka ujibane wenyewe. Mpira wenyewe pia usiwe wa silikoni kwa sababu hewa ukaa inapenya ukutani mwake taratibu, chukua wa plastiki ya kawaida. Na chupa iwe ya soda, hiyo imetengenezwa kuvumilia presha. Chupa ya kioo hapana, ikipasuka vipande vinaruka chumba kizima.

Sasa joto. Hapa Dar mwezi wa kwanza chumbani nyuzi 31 au 32 ni kawaida, na hamira inapenda joto, kwa hiyo ukiweka kijiko kizima cha chai itachemka kwa fujo siku tatu halafu siku ya sita kimya. Mimi naweka robo kijiko tu, na chupa naikalisha kwenye ndoo ya maji sakafuni. Sukari nayo watu wanajaza mno. Hamira ikila sukari, karibu nusu ya uzito inakuwa gesi na nusu nyingine inakuwa kilevi kinachobaki mule mule, sasa ukiweka gramu 400 kwenye lita moja ya maji, zikiliwa zote ungepata kilevi kama gramu 200, na hamira ya mandazi haivumilii kiasi hicho, inakufa njiani na sukari inabaki. Gramu 200 kwa lita zinatosha. Chupa ikinyamaza usimwage kwanza, chovya vidole viwili kwenye yale maji, sugua. Yakinata, sukari ipo na hamira ndo imekufa, kwa kilevi au kwa joto. Yasiponata sukari imeisha, na hapo mchanganyiko wako ulikuwa sawa.

Nina chupa mbili, moja nabadilisha Jumapili nyingine Jumatano, zote zinaingia mpira mmoja. Nilipokuwa na moja gesi ilikuwa inapanda na kushuka, na ule mwani mweusi wa ndevu ulijaa kwenye kingo za anubiasi. Tangu ziwe mbili majani mapya yanatoka safi.

Usiku ndo nataka tuwe makini. Mimea inatumia hewa ukaa kukiwa na mwanga tu, giza likiingia nayo inavuta oksijeni kama samaki, na chupa ya hamira haina swichi. Niliamka saa kumi na moja alfajiri nikakuta gapi wote wamejipanga juu wanahema mdomo nje, wawili tayari wamekufa, na niliumia sana kwa sababu wale ni samaki niliowakuza mwenyewe. Nikachomoa mpira, nikawasha pampu ya hewa, nikabadilisha robo ya maji, kama nusu saa hivi wakaanza kushuka. Siku hizi taa ikizimwa mpira nautoa kwenye tenki nauacha nje wazi na pampu ya hewa inawaka, na umeme ukikatika usiku naamka kuangalia. Ila usije ukabana kile kigurudumu cha dripu ili kuzuia gesi, presha inapanda na mfuniko utaruka.

Kile kipimo cha rangi cha kuning'iniza ndani pia kinasaidia, bluu gesi haitoshi, kijani sawa, njano punguza haraka. Maji ya ndani yake yawe yale maalumu ya digrii 4 za ugumu wa kaboneti (4 dKH), ukiweka maji ya tenki yatakudanganya. Na kinachelewa saa moja mbili, kwa hiyo samaki waangalie kwa macho yako.

Mengine ni madogo. Utando mweupe kama kamasi mwisho wa mpira unaletwa na uchafu wa hamira, weka chupa ndogo ya maji katikati gesi ipite humo kwanza. Chupa ikipoa inaweza kunyonya maji ya tenki yakarudi ndani ya chupa, kwa hiyo funga nonritani, ile vali inayopitisha upande mmoja tu, na ipulize kwa mdomo pande zote mbili kabla ya kufunga maana nyingine zinatoka dukani zimekufa. Mwisho wa mpira mimi nimeuelekeza kwenye mdomo wa filta, viputo vinasagwa humo. Filta inakoroma kidogo.

Chupa ya leo Jumatano nimeichanganya asubuhi. Sasa hivi ni saa kumi jioni na chini ya majani ya rotala kumeng'ang'ania vile viputo vidogo vya oksijeni, kimoja kimoja vinachomoka na kupanda.