Udongo wa Kangundo juu ya mwamba wetu

Desemba iliyopita niliwarudishia nauli watu sita niliowapakia kwenye boti yangu ya kioo, ile ambayo mgeni anatazama chini ya bahari kupitia kioo cha sakafuni. Familia ya Kangundo, kaunti ya Machakos: mama, mumewe, watoto watatu na bibi yao. Walinipigia simu wiki mbili kabla, kwa kuwa mtoto mdogo alikuwa ameonyeshwa shuleni picha ya kitatange, samaki wa rangi rangi, na hakutaka kusikia jingine. Tuliondoka ufuo wa Casuarina, hapa Malindi, maji yakipwa, upepo wa kaskazi ukivuma pole pole, jua limewaka. Nikazima injini juu ya mwamba wa matumbawe, nikatia nanga, nikawaambia wainame watazame.

Kwenye kioo hakukuonekana kitu. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Yule mtoto akakifuta kioo kwa kiganja, akidhani uchafu uko upande wetu.

Bibi yao alinyamaza kitambo. Kisha akatumbukiza mkono baharini, akauacha ukauke juani. Katikati ya vidole palibaki utandu mwekundu, laini kama unga. "Kijana," akaniambia, "huu udongo naujua. Ni wa shambani kwangu."

Sikumbishia. Mto Sabaki unaomwaga maji yake kaskazini ya mji wetu ndio huo huo Athi wa kwao. Unatoka nyanda za juu karibu na Nairobi, ukikutana na Mto Tsavo unaitwa Galana, ukitufikia sisi ni Sabaki. Mvua ikinyesha huko kwenye miteremko isiyo na miti wala makinga maji, yale matuta ya kuzuia udongo, shamba la mtu linateremka hadi Malindi. Ghuba yetu inajaa. Kuna hoteli zilizojengwa zamani karibu kabisa na maji, leo mgeni wake anavuka mchanga mrefu kabla hajalowa miguu.

Naandika haya kwa sababu mwezi uliopita niliitwa kwenye kikao cha maoni kuhusu kukuza utalii wa bahari kaunti yetu. Nilifurahi sana. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti utalii wa maeneo yao na vivuko, na kwa mtu wa boti hilo ni jambo kubwa: mwenye kuamua yuko karibu, unaweza kumwendea. Mambo yaliyotajwa yalikuwa mazuri. Jaketi za kuokolea, mafunzo ya manahodha, taa na vyoo ufuoni, ngazi ya kupandia boti. Ngazi naililia hasa, maana nimebeba wageni mgongoni tangu nina miaka kumi na sita, na kuna wazee wanaoona haya kubebwa, wanabaki mchangani wakituangalia tukiondoka.

Ila asubuhi nzima mto haukutajwa. Nikanyoosha mkono.

Nikawaeleza wanachokijua wavuvi wote. Upepo wa kusi ukivuma, Aprili hadi Septemba, mkondo unayasukuma maji ya mto upande wa Mambrui na Ngomeni. Sisi tunasalimika na tope, ingawa mawimbi yanatufungia boti siku nyingi. Kaskazi ikiingia Novemba, mkondo unageuka. Wakati huo huo vuli inanyesha bara, mto unafura, na wingu lote jekundu linateremka hadi kwenye mbuga ya bahari. Ndipo Krismasi inafika na wageni wanajaa. Yaani tunamwita mgeni aje kutazama chini ya maji katika wiki ambazo maji hayaonyeshi. Wakati Oktoba, vuli haijashika, na tena Februari mto ukishapungua, nimewahi kuona samaki pono akiguguna mwamba nikasikia na sauti ya meno yake.

Mji huu ndio uliompa Vasco da Gama rubani wa kumvusha hadi India mwaka 1498. Waliondoka Aprili, kusi ikianza. Watu wetu walijua kumwambia mgeni ngoja, upepo wako bado. Ujuzi huo haujapotea, uko kwa mabaharia, na matangazo ya utalii yangeweza kuandikwa kwa kuufuata.

Lakini kalenda peke yake haitauokoa mwamba. Mbuga yetu na ile ya Watamu zilitangazwa mwaka 1968, za kwanza nchini. Mwaka 1998 joto la El Niño lilipoyachoma matumbawe, nilikuwa mtoto ninayeteka ngama, maji yanayoingia ndani ya boti, kwenye boti ya baba. Nakumbuka chini kote kulivyokuwa kweupe, na baba alivyokaa kwenye tezi, nyuma ya boti, bila kuwaambia wageni neno. Yaliyopona na yaliyoota tena ndiyo haya tunayoyaonyesha sasa. Tumbawe ni kiumbe hai. Linataka mwanga, na tope likilifunika linatoa ute kujisafisha, likitumia nguvu ambayo lingeitumia kukua.

Katiba hiyo hiyo iliyotupa utalii imezipa kaunti pia kazi ya kuhifadhi udongo na maji. Kwa hiyo mazungumzo yana pa kuanzia. Jumuiya ya Kaunti za Pwani ina kaunti sita, na wala Machakos wala Makueni, kaunti za bara ambako mto unapita, hazimo. Niliomba kaunti yetu iende kukaa nazo, ichukue na chupa ya maji ya ghuba ya Desemba iiweke mezani. Miche na makinga maji ya kule ni utalii wa bahari wa huku. Nilisema hivyo kwa sauti iliyopanda kidogo, nikaketi.

Baada ya kikao kijana mmoja wa ofisini alinifuata nje. Akanishika mkono, akaniuliza, "Ami, wewe unajuaje siku ambayo maji yatachafuka?"

Nikamwambia ninaye binamu anayeuza maembe karibu na daraja la Sabaki. Mto ukigeuka mwekundu ananipigia, nami nawapigia wageni kabla hawajatoka hotelini. Akatoa simu yake akaniomba nambari ya binamu. Nikampa. Kisha nikampa na ya yule mama wa Kangundo, kwa idhini yake, maana tumeendelea kusalimiana. Amekubali kuja Februari, na bibi atakuja naye.