Ritifaa ya Ng’wanza

Mwaka 2011 nilimaliza orodha ya maneno ya Kisukuma niliyoyaandika kwa kumsikiliza babu yangu kule Kisesa. Niliyahifadhi katika XML, muundo wa kupanga data kwa lebo, kisha XSLT, lugha ya kugeuza XML, ikayageuza kuwa HTML ya kusomwa na kivinjari. Kwenye kompyuta yangu yalitoka safi. Nikayapandisha kwenye seva, nikachukua daladala kwenda kumwonyesha mwenye maneno.

“Mwangaluka, babu.” Akaitikia, akavaa miwani. Neno la kwanza kulitafuta lilikuwa jina la mji wetu. Palisomeka Ngâ€™wanza.

“Mjukuu wangu, hapa katikati umeandika nini?”

Sikuwa na jibu. Kila penye ng’ palikuwa vilevile, na Kisukuma utakiandikaje bila ng’? Hata ng’ombe wake walikuwa na alama ya euro shingoni. Iliniuma. Mzee alinipa maneno yake jioni nyingi, nami nimeyarudisha yamevunjika.

Usiku ule, nyumbani Kirumba, sikulala. Programu niliyochapia ilikuwa imeweka ritifaa iliyopinda (’), ambayo katika UTF-8, usimbaji yaani njia ya kuandika herufi kwa baiti, ni baiti 3: E2, 80, 99. Kivinjari kilizisoma moja moja, kikatoa herufi 3. Lakini mbona kwangu zilisomeka? Kwa sababu XSLT inapotoa HTML hupachika kwenye kichwa cha ukurasa tamko la usimbaji wa herufi, na faili likifunguliwa kwenye kompyuta yako tamko hilo ndilo linalofuatwa. Seva ile ilitanguliza heda yake, yaani maelezo yanayotumwa kabla ya ukurasa, ikitaja usimbaji mwingine: ISO-8859-1. Heda ikisema hivyo, tamko la ndani ya ukurasa halisikilizwi. Na vivinjari huisoma ISO-8859-1 kama Windows-1252, usimbaji wa karibu nayo. Euro ilitokea huko.

Dawa hasa ilikuwa kurekebisha heda, ila seva haikuwa yangu. Nikaenda kwenye mstari wa xsl:output, unaoiambia XSLT itoe usimbaji gani, nikafuta UTF-8, nikaandika ISO-8859-1. Ritifaa ile haimo katika ISO-8859-1, kwa hiyo XSLT yenyewe ikaiandika kwa namba: ’. Hizo ni alama za kawaida tupu, hakuna heda ya kuzipotosha. Nilifurahi peke yangu gizani.

Jumamosi nikarudi Kisesa. Babu akasoma kwa sauti, “Ng’wanza.” Kisha akashusha kidole taratibu hadi kwa ng’ombe, akawakagua nao.