Filamu yangu ya kutisha inaanzia kwenye mbuzi ya nazi

Kitu kinachoniuma kwenye filamu nyingi fupi za kutisha za huku kwetu ni jinsi sauti inavyoachwa mpaka mwisho, watu wanashuti weee, alafu siku ya kuediti ndo wanaingia mtandaoni kutafuta mziki wa kutisha wa bure, ule ule wa vinanda ambao kila mtu anao. Hii yangu naanza na sauti. Picha zitaifuata.

Hadithi yenyewe ndogo. Mjukuu anabaki peke yake kwenye nyumba ya marehemu bibi yake Pangani, arobaini imeshasomwa, wageni wameondoka, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, na usiku anasikia huko jikoni mtu anakuna nazi. Basi. Hakuna jini wa kupakwa unga usoni, hakuna mtu anayerukia kamera.

Nimechagua mbuzi kwa sababu mtu wa pwani sauti ile kakua nayo, ukiisikia unajua mtu yupo nyumbani na chakula kinakuja. Isikilize kwa karibu lakini. Meno ya chuma yakiwa bado kwenye nyama ya nazi sauti inatoka laini, ina majimaji, alafu yakianza kugusa kifuu inageuka kavu na kali. Usiku wa kwanza tutasikia ile laini tu. Usiku wa pili inakuna mpaka kifuu na haiachi, inaendelea kifuu kitupu, na yeyote aliyewahi kukalia mbuzi anajua hapo nazi ilishaisha zamani, sasa kinakunwa nini?

Alafu kuna sababu ya kiufundi. Watu wengi wataiangalia kwenye simu, na ile ngurumo nzito ya chini inayotetemesha viti sinema, spika ya simu haiwezi kuitoa, inapotea yote. Sikio la binadamu lina ukali zaidi kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 5,000 hivi, na mkwaruzo wa chuma na kifuu unagusa humo humo, kwaiyo hata simu ya bei rahisi itaufikisha. Ntarekodi kwa maiki mbili, moja shubiri moja kutoka kwenye kifuu, nyingine chumba cha pili mlango ukiwa umerudishwa, ili kadri usiku unavyokwenda niwe naisogeza sauti kutoka mbali kuja karibu bila kuongeza volyumu. Na ukimya nao unarekodiwa jamani! Ukizima tu sauti zote kwenye programu, mtazamaji anadhani simu yake imekorofisha. Kila chumba kitupu ntakipa dakika nzima ya rekodi, na nje nataka komba, maana komba usiku analia kama mtoto mchanga, tumzoee kabisa analia, alafu anyamaze ghafla ndo mbuzi ianze.

Kwenye picha nyumba yenyewe inanisaidia. Nyumba za zamani za mawe vyumba vyake ni vyembamba na virefu, kwa sababu dari linabebwa na boriti za mikoko na upana wa chumba unaishia pale boriti inapoishia, kama mita 3 hivi au pungufu. Naweka kamera mwisho wa chumba, lensi ya milimita 35, mlango wa jikoni unakaa kule mbali katikati ya fremu na hauna pa kukwepwa. Mwanga unaoonekana ni koroboi moja. Ila kiza chenyewe nakipima sana, maana skrini ya simu ikiwa nyeusi tupu mtu anaanza kuona sura yake mwenyewe, anatoka kwenye hadithi. Kila shoti lazima iwe na kipande cha ukuta kinachowaka rangi ya chungwa, na kando yake ule mlango mweusi. Dirishani napitisha taa ndogo ya LED kama mbalamwezi. Umeme wetu ni hezi 50, kwaiyo shutta, yaani muda kamera inaoacha mwanga uingie kwa kila picha, inabaki 1/50 ya sekunde na fremu 25 kwa sekunde, la sivyo taa za nyumbani zinaweza kuchezacheza kwenye picha.

Wanaosema bila kuonyesha zimwi watu hawataogopa wakumbuke mwaka 1995, zimwi la Popobawa lilipovuma Pemba na Unguja. Watu wazima na familia zao walilala nje kwa makundi usiku kucha, na picha yake hakuna aliyekuwa nayo, ni masimulizi tu, huyu kasikia kitu juu ya paa, yule kasikia harufu.

Nikimaliza kurekodi sauti naziunganisha zote mwanzo mpaka mwisho bila picha hata moja, nawapa watu wasikilize kwa simu zao usiku, taa zimezimwa. Wasipoogopa hapo, kamera haitoki kwenye begi. Kwa sasa natafuta mbuzi ya zamani ya mti mzito, yenye meno yaliyolika kidogo, hizi mpya zina sauti nyembamba sana. Aliye nayo Tanga au Pangani aniandikie, ntaifuata mwenyewe na ntairudisha salama.