Msimbo kushoto, jibu kulia, na daftari la binti wa dirishani

Jumamosi jioni huwa nafundisha vijana tisa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hapa Morogoro, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ofisi. Laptopu ziko mbili tu. Wasiozipata hufuata somo kwa simu. Ndiyo maana nikatengeneza programu ndogo ya wavuti kwa Streamlit, zana ya kutengenezea kurasa za wavuti kwa Python: kila somo na ukurasa wake, kushoto msimbo, yaani maagizo ya programu, kulia jibu lake. (Wao husema "kodi". Mimi nikisikia kodi nawaza TRA, kwa hiyo nitabaki na msimbo.)

Somo la tatu lilikuwa wastani wa bei ya debe la mahindi kwa siku nne za soko. Bei nilizibuni mwenyewe: 18,000, 20,000, 0 na 22,000. Kushoto palisomeka hivi:

def wastani(bei):
    return sum(bei) / len(bei)

Kulia: 20000.0.

Binti mmoja anayependa kukaa dirishani, na ambaye haamini kitu mpaka akipige kwa kalamu, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona mimi napata elfu kumi na tano?" Nikamwambia arudie. Akarudia, akaniletea daftari: 60,000 gawanya kwa 4. Nikabaki nimeshika daftari la watu, sina la kusema. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na msimbo alioufuata nilikuwa nimemwonyesha mimi.

Kumbe nilipouandika ukurasa ule, msimbo wa kushoto niliunakili na kuubandika kama maneno matupu, nikaiachia st.code, amri ya Streamlit inayoonyesha msimbo bila kuuendesha, iupake rangi. Msimbo unaofanya kazi ulikuwa kwingine kwenye faili. Siku chache kabla ya somo niliona sifuri inaharibu wastani (sifuri ile maana yake bei haikuandikwa siku hiyo, si kwamba mahindi yaligawiwa bure), nikaurekebisha ule wa kazi uziruke sifuri zote. Ule wa maonyesho nikausahau. Basi ukurasa wangu ukawa kama msanii wa playback: mdomo huku, sauti kule. 60,000 ilikuwa inagawanywa kwa 3, na hakuna aliyekuwa akiiona hiyo 3.

Usiku huohuo nikakaa nayo. Streamlit ina st.echo, ambayo msimbo uliomo ndani yake huuonyesha na kuuendesha papo hapo. Ni nzuri, ila huweka vitu juu na chini, nami roho yangu ilitaka safu mbili. Nikaenda kwa inspect, ambayo huja na Python yenyewe. Ukiipa funksheni (kipande cha msimbo chenye jina, kama wastani), inakurudishia maandishi yake kama yalivyo kwenye faili:

kushoto, kulia = st.columns(2)
kushoto.code(inspect.getsource(wastani))
kulia.write(wastani(bei))

Jina ni lile lile wastani, mara moja linasomwa, mara nyingine linaendeshwa. Nikibadilisha funksheni, pande zote mbili zinabadilika, nikumbuke nisikumbuke.

Jumamosi iliyofuata nikafungua ukurasa kwa majivuno. Darasa likaangua kicheko. Kushoto:

def wastani(bei):
    # nimechoka, nitapanga vizuri kesho
    halisi = [b for b in bei if b > 0]
    return sum(halisi) / len(halisi)

Getsource haina siri. Inachukua hata manung'uniko uliyojiandikia saa sita usiku. Hilo la uchovu ni la kucheka tu. Lililonitoa jasho ni somo la hifadhidata, maana nywila yake ilikuwa imekaa ndani ya funksheni kabisa, nayo ilikuwa ionyeshwe wiki mbili mbele. Nikaihamishia kwenye st.secrets, mahali pa Streamlit pa kuwekea siri nje ya msimbo, kabla chai haijapoa.

Maelezo yale ya uchovu nilitaka kuyafuta, vijana wakakataa. Mmoja alisema ndiyo mara ya kwanza kuona msimbo ulioandikwa na mtu. Sikujua kama nasifiwa au natukanwa, nikayaacha.

Limebaki jambo la simu. Kwenye skrini nyembamba Streamlit huzipanga safu moja juu ya nyingine, kwa hiyo kulia kwangu ni chini kwao, na mstari mrefu wa msimbo lazima uusukume kwa kidole ili uone mwisho wake. Mistari nimeikata iwe mifupi. Lugha ndiyo imenishinda. Mwezi mzima nilikuwa nikisema "tazameni kulia", na vijana saba wanageuka kuangalia ukuta. Juzi nikajirekebisha, nikasema, "Haya, jibu liko chini." Wale wawili wa laptopu wakashuka mpaka mwisho wa ukurasa, kisha mmoja akauliza kwa upole, "Chini wapi, mwalimu?"