Kuhamia Dodoma na watoto: shule kwanza, nyumba baadae

Watu wengi wakihamia Dodoma wanaanza na nyumba. Utasikia nimepata nyumba kali Iyumbu, tailizi, fensi, kisima ndani, halafu ndo wanaanza kuulizia shule, na mtoto anaishia kupitiwa na basi la shule saa kumi na moja alfajiri, analala kwenye siti mpaka getini. Mama watoto alivyopata barua ya uhamisho kuja Mji wa Serikali Mtumba nikasema hapana, tutafute shule kwanza, nyumba itafuata. Mtumba ni kama kilomita 17 kutoka mjini kwa barabara ya Dar, so ukiweka mtoto shule ya mjini katikati ujue kila asubuhi mzazi anaenda huku mtoto anaenda kule. Ndo tukabaki na maeneo ya upande wa Mtumba: Ilazo, Ipagala, Kisasa na Nzuguni.

Zamani ilikuwa rahisi, unasubiri shule kumi bora unachagua, ila NECTA (Baraza la Mitihani) waliacha kuzitangaza tangu matokeo ya kidato cha nne ya 2022. Binafsi naona walifanya la maana, yale yalikuwa matangazo ya biashara ya bure. Matokeo ya kila shule ya msingi bado yapo kwenye tovuti yao, unaona waliofanya mtihani wangapi na wastani wa shule kati ya 300 (masomo sita, kila moja 50). Sasa wazazi wengi wanaangalia wastani tu wanafunga simu. Wewe angalia idadi! Fungua upimaji wa darasa la nne wa 2021, halafu fungua darasa la saba 2024, ni watoto wale wale. Kuna shule nimekuta darasa la nne walikuwa sitini na kitu, la saba wamefanya thelathini na kitu, wastani unang'aa balaa. Hao wengine wameenda wapi? Wapo waliohama na wazazi, sawa, ila nusu ya darasa? Wamerudishwa darasa au wameambiwa kistaarabu watafute shule nyingine. Mwanangu ni wa katikati, sio kipanga, kwa hiyo shule ya hivyo mimi inanihusu vibaya.

Halafu nenda mwenyewe, tena siku ya masomo, sio siku wamekuandalia. Mimi nilikuwa naomba mambo mawili tu, choo cha watoto na daftari la hesabu la mtoto yeyote. Shule moja ya ada ndefu kweli, mapokezi kuna AC na samaki kwenye tanki, napewa daftari la darasa la nne, hesabu ya kugawanya imekosewa kabisa na ina tiki nyekundu kubwa, chini imeandikwa good work. Nikashukuru nikaondoka.

Shule za serikali nazo msizidharau. Ni elimu bila malipo tangu 2016, na kwa huyu mdogo anayeanza la kwanza nilikuwa tayari kabisa, kikwazo ni wingi wa watoto darasani. Ila huyu mkubwa katoka English medium Dar yuko la tano, kumgeuzia lugha sasa hivi wakati la saba iko mlangoni ni kumtesa bure.

Kwenye ada uliza yote mpaka wachoke na wewe: basi, chakula, remedio (masomo ya ziada), mitihani ya ujirani mwema (ile ya pamoja na shule jirani), kambi ya darasa la saba, sare ambazo lazima ununue kwao. Tulipojumlisha, shule iliyoonekana rahisi ikawa ghali kuliko ya jirani yake.

Na kabla hujapakia vitu kwenye fuso, hakikisha shule ya zamani imekupa namba ya PREM (namba ya mtoto kwenye mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi) na imeanzisha uhamisho kwenye mfumo, maana shule mpya haiwezi kumpokea mtoto kihalali bila hiyo. Kama yuko la nne au la saba wahi zaidi, usajili wa mtihani ukishafungwa utazunguka mpaka ukome.

Mwisho wote wawili tumewapeleka Ilazo, shule ya kawaida tu, wastani wake sio wa kutisha ila walioanza ndo wanaomaliza, mwalimu mkuu anajibu simu mwenyewe. Nyumba tumepata nyuma ya shule, vyumba viwili, kisima hakuna, maji tunajaza kwenye simtanki yakitoka. Mama watoto bado ananinunia kidogo kuhusu jiko.