Mtazame Mapaja

Mwaka wangu wa kwanza Norwich, mashariki mwa Uingereza, Februari ilinikuta mpweke. Miti imebaki matawi matupu, na kabla ya saa kumi na moja jioni jua limeshazama. Ndege pekee niliyedhani namjua alikuwa kunguru, basi nikaanza kumfuatilia.

Dar es Salaam nilikokulia tunao wawili: mwenye kifua cheupe, wa asili, na mwenye shingo ya kijivu, yule aliyeletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, akasambaa hadi bara. Ukishaona rangi, umemaliza. Lakini shambani nyuma ya nyumba niliyopanga karibu wote walikuwa weusi tii.

Wale wadogo wenye kisogo cha kijivu na macho meupe niliwajua siku ya kwanza. Ruku, ndugu wa kunguru ambaye wenyeji humwita "rook", naye hakunisumbua: mzizi wa mdomo wake hauna manyoya, ngozi imepauka kama iliyopakwa majivu. Kila aliyebaki, mwenye uso mweusi, nilimwandika kunguru wa mizoga.

Asubuhi moja, nyasi zikiwa zimeganda, bibi mwenye nyumba alinikuta kwenye uzio na daftari langu. Nikamwonyesha mmoja aliyekuwa akidonoa udongo katikati ya kundi la ruku.

"Kunguru yule."

Akaomba darubini, akatazama kwa kitambo. "Mtazame mapaja," akasema.

Nikatazama. Manyoya ya mapajani yalining'inia, utadhani mtoto aliyevalishwa kaptula ya kaka yake. Paji lilipanda wima, na mdomo ulichongoka mwembamba kuliko wa kunguru. Alikuwa ruku mchanga, wa mwaka uliopita! Hawa hubaki na manyoya usoni mpaka wakaribie kutimiza mwaka.

Usiku ule nilikata kwa wino kila "kunguru" wa wiki tatu ambaye sikumtazama mapaja. Zilibaki alama nne tu, na sijawahi kulipenda daftari kama usiku ule.

Machi ruku wakubwa walikuwa wakibeba vijiti juu ya miti mirefu, kelele tangu alfajiri. Wachanga walizurura tu shambani. Mwishoni mwa mwezi nikamwona mmoja, huenda yuleyule, manyoya ya kidevuni yameanza kupukutika na ngozi iliyopauka inachungulia chini yake. Nikamwita bibi. Alitoka mbio na ndara zake, bila koti.