Betri ya mjomba ilivyokuwa inachemka

Watu wengi ukiwaambia gari ina shida ya chaji wanawaza upande mmoja tu, betri imelala, asubuhi gari haiwaki, mnasukuma. Ya mjomba wangu ilikuwa kinyume kabisa, ilikuwa inachaji mpaka inapitiliza, na kwa vile taa ya chaji kwenye dashibodi ilikuwa inazima vizuri tu enjini ikiwaka, kila aliyeiangalia alikuwa anasema chaji iko sawa. Ile taa inakwambia alteneta, yaani mashine inayozungushwa na enjini kuzalisha umeme wa gari, inazalisha au haizalishi, haikwambii inazalisha kiasi gani.

Gari lenyewe ni pikapu ya zamani ya petroli, kabureta, haina kompyuta hata moja, na regyuleta yake, kile kifaa kinachoiamrisha alteneta ichaji kiasi gani, haiko ndani ya alteneta kama magari mengi ya siku hizi, imefungwa pembeni kwenye bodi chini ya boneti, kiboksi cha bati na soketi ya waya. Mjomba alikuwa analipenda sana. Mimi pia, nimekua nikiliona, na ndiyo maana niliposikia wanataka kumshauri aliuze kwa sababu "umeme wake umechoka" nilichukua mita yangu nikaenda.

Nilimkuta amekaa pembeni ya gari, balbu za taa kubwa zilizoungua ziko kwenye kopo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja, hili gari linakula balbu, na maji ya betri naongeza kila mara yanaisha, sijui yanakwenda wapi."

Tayari walikuwa wameshambadilishia alteneta. Fundi mmoja alisikia tu maelezo akasema alteneta hiyo, ikatolewa ikafungwa nyingine, tatizo likabaki pale pale. Halafu akaja mwingine akabadilisha regyuleta, nayo vilevile. Mpaka nafika mimi vifaa viwili vipya vimeshafungwa na hakuna mtu aliyeweka mita kwenye betri gari likiwa linawaka, yaani hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana ni kipimo cha dakika moja.

Tukafungua boneti. Harufu ya mayai viza ikatupokea, na ukiisikia hiyo kwenye betri ujue imechajiwa kupita kiasi na usiwashe kitu chochote chenye cheche karibu, kwa sababu pamoja na ile harufu kuna haidrojeni inatoka na haidrojeni inalipuka. Tukaacha boneti wazi upepo upite kwanza. Betri ubavuni ilikuwa imevimba, unga mweupe umejaa kwenye vichwa vyake, na trei ya chini rangi imeliwa na asidi. Nikafungua vifuniko, maji yalikuwa chini mpaka bati za ndani zinaonekana.

Nikapima enjini ikiwa imezimwa, volti 12.6. Hapo sawa. Mjomba akawasha, ikiwa sailensa tu mita ikasoma 14.8, nikamwambia akanyage mafuta kidogo ikapanda 15.4, 15.6, ikagota 15.8. Betri ya volti 12 ina seli 6, na seli moja ikishafika karibu volti 2.4 maji yake yanaanza kupasuka kuwa gesi, piga mara 6 ni 14.4, ndiyo maana magari mengi yanawekwa pale kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Sasa 15.8 maana yake unachemsha maji safari nzima. Na balbu nazo, volti zikizidi kwa asilimia 5 tu maisha yake yanapungua karibu nusu, kwa hiyo lile kopo la mjomba halikuwa na uchawi wowote.

Mjomba akaniuliza, kuna fundi alimwambia achomoe waya wa betri gari likiwa linawaka ndipo ajue kama alteneta ni nzima, tufanye hivyo? Nikamwambia hapana mjomba, hicho kitu usikifanye wala usimruhusu mtu akufanyie, betri ndiyo inayozuia volti zisiruke, ukiichomoa alteneta ikiwa inazalisha zinaruka juu ghafla na zinaweza kuua dayodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) za alteneta yenyewe, redio, na kila kilichowashwa. Na pale penye gesi cheche moja tu ya ule waya inatosha.

Badala yake nilizima gari nikachomoa soketi ya regyuleta, tukawasha tena. Mita ikarudi 12.5 na ikabaki hapo hata akikanyaga mafuta. Hapo nikajua alteneta haina kosa, waya wa fildi, ule ambao regyuleta inautumia kuiamrisha alteneta, haujagusa mahali pasipotakiwa, maana ungekuwa umegusa ingeendelea kuchaji kwa nguvu zote hata regyuleta ikiwa haipo. Kwa hiyo anayeiamrisha ichaji kupita kiasi ni regyuleta, na regyuleta ni mpya. Sasa swali ni kwamba regyuleta inaona nini.

Jibu likaja lenyewe kabla sijapima tena. Giza lilikuwa linaanza kuingia, soketi nimesharudisha, taa kubwa zinawaka zinapiga ukutani, mjomba akawasha indiketa. Gari la kawaida indiketa ikiwaka taa kubwa zinafifia kidogo, tena kidogo sana. Hizi zilikuwa zinang'aa zaidi kila indiketa inapopiga! Tik, zinang'aa, tik, zinarudi. Nikamwambia mjomba awashe na feni, zikang'aa zaidi tena na mita ikasoma 16 na kitu. Nikamwambia azime haraka. Unaongeza mzigo na volti zinapanda, hilo haliwezekani kama regyuleta inasoma betri sawasawa.

Kwenye gari hili regyuleta haisomi volti moja kwa moja kwenye betri, inasoma kupitia waya unaopita kwenye swichi ya ufunguo, na waya huohuo ndio unalisha koili ya moto, indiketa, feni, waipa. Taa kubwa zenyewe hazipiti kwenye ufunguo. Kama kwenye ile njia kuna mahali pameoza, umeme ukipita pale unapoteza volti, regyuleta inaona 14 wakati betri iko 15.8, na inaendelea kusukuma. Ni kama mtu anayejaza mtungi huku amekaa mbali, yeye anaona bado haujajaa kumbe unamwagika. Ukiwasha feni unapoteza zaidi, nayo inasukuma zaidi. Kila kitu kikakaa mahali pake, balbu, maji, indiketa, hata zile pesa zilizokwenda kwenye vifaa vipya.

Kupima hili ni rahisi na napenda kila mwenye gari la zamani alijue. Enjini inawaka, waya mwekundu wa mita kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye ule waya unaoingia regyuleta ukitokea kwenye ufunguo. Mita inakuonyesha moja kwa moja volti zinazopotelea njiani. Ikiwa sifuri nukta moja au mbili ni sawa. Mimi nilipata 1.7. Upande wa athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi, nao nikaupima, hasi ya betri na bati la regyuleta, 0.04, huko safi, na ni lazima upime maana athi mbovu ya regyuleta inaleta ugonjwa huu huu.

Ukishapata namba unarudi nyuma pole pole, waya mwekundu unabaki kwenye betri, mweusi unausogeza kutoka kiungo mpaka kiungo. Kwenye regyuleta 1.7, upande wa enjini wa soketi kubwa inayopita kwenye ukuta kati ya enjini na wanapokaa abiria 1.7 vilevile, upande wa ndani wa soketi hiyohiyo 0.5. Basi pale. Tukazima, tukachomoa betri, tukaifungua ile soketi. Plastiki ilikuwa ya kahawia, imeyeyuka ikashikana na pini, na pini yenyewe imevaa ukijani wa shaba iliyooza, nyuzi za waya ukizikunja zinakatika. Mjomba alimulika na tochi akaishika ile pini muda mrefu, akasema, "Kitu kidogo hivi."

Tulikata pale pote pabovu, tukaunga waya mpya wa unene uleule kwa risasi na kuuvalisha mpira. Ile 0.5 iliyobaki ilikuwa ni swichi ya ufunguo yenyewe, mikono yake ya ndani imeliwa na umri, na swichi ya gari hilo kuipata ni kazi. Nikaweka rilei, swichi inayowashwa kwa umeme, waya wa ufunguo unaiamsha tu, na regyuleta inapata volti zake kutoka kwenye betri kwa waya mfupi wenye fyuzi. Fyuzi ikae karibu na betri, tafadhali, siyo upande wa pili. Tukawasha: 14.3. Kukanyaga mafuta, 14.3. Taa, feni, indiketa, waipa vyote kwa pamoja, 14.1, na taa hazichezi. Nikazima ufunguo enjini ikazima hapo hapo, maana rilei ikifungwa vibaya gari linaweza kugoma kuzima.

Betri haikupona. Tuliijaza maji safi ya betri, siyo asidi, kwa sababu kinachopotea ni maji na asidi inabaki humo humo, tukaichaji taratibu, haidromita, kipimo cha uzito wa maji ya betri kinachoonyesha chaji ya kila seli, ikaonyesha seli tano ziko karibu 1.260 na moja imeganda 1.140. Akanunua nyingine. Alteneta ya zamani ilikuwa bado iko stoo, nikaipima rota yake, yaani sehemu ya ndani inayozunguka, omu 4 na kidogo, haijagusa bodi, dayodi nzima. Ile waliyomuuzia ilikuwa imeanza kulia beringi, kwa hiyo tukaitoa tukarudisha ile ya kwanza, na ndiyo inayochaji mpaka leo.